Tiba ya mwanga, mionzi na hofu ya mama mmoja

Jumamosi moja mwezi uliopita, nikiwa bado na kikombe cha chai mkononi, simu yangu ililia. Aliyepiga ni mwanafunzi wangu wa zamani ambaye sasa anafundisha Kiswahili katika shule moja ya upili, Kaunti ya Kwale. “Shikamoo, mwalimu,” alisema, kisha kabla sijamjulia hali akaniuliza, “Hivi mionzi na mwanga ni kitu kimoja?”

Nilidhani ni swali la darasani. Kumbe wapi! Mwanafunzi wangu huyu ana ualbino, na wiki hiyo alikuwa amekwenda kliniki ya ngozi kwa sababu ya mabaka makavu kwenye paji la uso, juu ya pua na kwenye ncha za masikio. Daktari alimweleza kwa Kiingereza kwamba mabaka hayo si saratani ila yanaweza kugeuka kuwa saratani yakiachwa. Akamwandikia krimu ya kupaka. Kwa kuwa mwanafunzi wangu ni mdadisi (nilimfundisha, namjua), aliuliza kama kuna njia nyingine, naye daktari akamtajia kwamba Ulaya na Marekani kuna tiba inayotumia mwanga. Mama yake mzazi alikuwa ameandamana naye. Muuguzi, kwa nia njema kabisa, akamtafsiria mama: “Ni kansa inayoanza. Dawa yake ni mionzi, ile tiba ya mwanga, lakini inapatikana ng’ambo.”

Kufikia magharibi, kundi la WhatsApp la ukoo lilikuwa limepata mweka hazina wa mchango wa kumpeleka mgonjwa ng’ambo. Mama naye alikuwa ameapa kwamba binti yake hatachomwa na mtu yeyote. Krimu ilikuwa bado imo mfukoni, haijafunguliwa.

Mimi si daktari wa tiba. Udaktari wangu ni wa lugha, na hauponyi hata mafua. Ila nilimpigia mwenzangu wa kitivo cha tiba, nikasoma, nikauliza tena. Ninachoandika leo ni nilichomweleza mwanafunzi wangu, pamoja na yale niliyojifunza kwa mama yake.

Tuanze na mabaka yenyewe. Jua hutuletea mwanga tunaouona na pia miale tusiyoiona, ambayo wataalamu wa istilahi wameiita urujuanimno kwa kuwa iko nje ya rangi ya urujuani katika upinde wa mvua. Miale hiyo hupenya ngozi na kuharibu chembechembe za urithi ndani ya seli. Mwili huwa na fundi wa kukarabati uharibifu huo, lakini fundi huyo akizidiwa miaka nenda miaka rudi, baadhi ya seli hubaki na kasoro na kuanza kuzaana ovyo katika tabaka la juu la ngozi. Hapo ndipo baka hujitokeza: jekundu kidogo au la rangi ya ngozi yenyewe, kavu, lenye magamba. Aghalabu vidole huligundua kabla ya macho. Ukilipapasa unahisi kama umegusa msasa.

Wenye ngozi nyeusi tuna kinga ya melanini, rangi ile inayomeza sehemu kubwa ya urujuanimno kabla haujafika kwenye seli. Mtu mwenye ualbino huzaliwa na seli za kutengeneza rangi hiyo, ila hazitengenezi ya kutosha au hazitengenezi kabisa. Ndiyo maana mabaka ambayo Mzungu wa Ulaya huyapata akiwa mzee mwenye kipara, mtu mwenye ualbino anayeishi karibu na ikweta anaweza kuyapata akiwa kijana. Sensa ya 2019 ilihesabu Wakenya 9,729 wenye ualbino. Kwa hiyo jambo hili si la wastaafu wa Uholanzi peke yao.

Je, ni “kansa inayoanza”? Hapa muuguzi alikosea, na kosa lenyewe ni la lugha kabla ya kuwa la tiba. Kitu kinachoanza tayari kipo. Mvua inayoanza ni mvua. Mabaka haya bado si saratani. Mengi hukaa miaka bila kubadilika na mengine hutoweka yenyewe. Machache hugeuka na kuwa saratani inayochimba ndani ya ngozi na hata kusambaa mwilini. Tatizo ni kwamba hakuna daktari anayeweza kulitazama baka na kusema kwa hakika hili litageuka, lile halitageuka. Kwa hiyo hutibiwa yote, hasa kwa mtu mwenye mengi. Mimi ningeyaita mabaka tangulizi. Kitangulizi huja kabla ya kitu. Si kitu chenyewe, na wala hakituahidi kwamba kitu hicho lazima kifuate.

Kuhusu kansa na saratani, wapo wanaoniandikia wakidai kwamba saratani ni kali zaidi ya kansa, au kinyume chake. Ni kaa mmoja kwa majina mawili! Saratani ni Kiarabu, kansa imetujia kwa Kiingereza kutoka Kilatini, na katika lugha zote mbili neno hilo humtaja kaa wa baharini. Waganga wa kale wa Kiyunani waliona uvimbe wenye mishipa iliyotanda kama miguu ya kaa, na jina likaganda.

Sasa mwanga. Tiba hii kwa Kiingereza ina jina refu la kisayansi ambalo baadhi ya wenzetu wameliswahilisha kuwa tiba ya fotodinamiki. Huhitaji vitu vitatu kwa pamoja: dawa, mwanga na oksijeni. Kikosekana kimoja, hakuna kinachotokea. Ndiyo sababu “tiba ya mwanga”, kama jina, ni pungufu. Linataja kimoja cha vitatu na kumfanya msikilizaji adhani kwamba taa ndiyo inayotibu.

Dawa yenyewe ni krimu au jeli. Inapopakwa juu ya baka, seli huipokea na kuitumia kama malighafi ya kutengeneza kitu ambacho mwili hukitengeneza kila siku, yaani ile sehemu ya damu inayoshika madini ya chuma na kuifanya damu iwe nyekundu. Utengenezaji huo una hatua kadhaa, na hatua ya mwisho ni kutia chuma. Malighafi ikimiminwa kwa wingi, hatua hiyo ya mwisho huzidiwa, na bidhaa ambayo haijatiwa chuma hurundikana kama matatu zilizokwama kwenye mzunguko mmoja saa kumi na moja jioni. Bidhaa hiyo huitwa pofirini. Seli zenye kasoro huirundika zaidi kuliko seli nzima zilizo jirani. Ukizimulika kwa taa ya buluu gizani, utaona baka linang’aa rangi ya waridi.

Baada ya hapo taa huwashwa, mara nyingi nyekundu, yenye urefu wa wimbi wa takriban nanometa 630. Pofirini humeza mwanga huo na kuipasia oksijeni iliyo kando yake nguvu uliyoileta. Oksijeni hiyo hugeuka kuwa kali ajabu, ikaunguza kila inachokigusa ndani ya seli. Lakini uhai wake ni mfupi mno. Haiwezi kusafiri hata upana wa unywele kabla ya nguvu zake kwisha. Kwa hiyo seli iliyorundika pofirini hufa, na jirani yake ambaye hakurundika husalimika.

Nilipomweleza mwanafunzi wangu haya, alinyamaza kidogo, kisha akauliza swali lililonifurahisha: “Kwa hiyo, mwalimu, mtu asiyepakwa krimu akiwekwa chini ya taa ile?” Hakuna litakalompata. Atahisi joto kidogo, basi. Na hapo ndipo penye tofauti kubwa kati ya taa hii na mionzi ya hospitalini. Mionzi inayotumika kutibu saratani kubwa ina nguvu ya kuvunja chembechembe za urithi yenyewe, bila msaada wa krimu, na hupenya mpaka ndani ya mwili. Mwanga mwekundu huishia milimita chache tu chini ya ngozi. Kuviita vitu hivi viwili kwa jina moja ni sawa na kuita kisu na upanga “kisu” kisha kushangaa mgonjwa akikataa kumenyewa chungwa.

Neno mionzi lenyewe halina hatia. Mwonzi ni mstari wa mwanga, kama ule unaopenya kwenye tundu la paa la makuti asubuhi na kuonyesha vumbi likicheza hewani. Wanasayansi walilichukua neno hilo zuri wakalitwika kazi ya kila aina ya nguvu inayosafiri kwa mawimbi. Kisha hospitali zikalibana likabaki na maana moja tu katika masikio ya wananchi: ile mashine ya wagonjwa wa kansa. Mama wa Kwale analijua neno hilo kwa sababu dada yake aliwahi kutibiwa kwa mionzi, na jamaa wote walisema “anachomwa”. Kiswahili chetu hutumia kuchomwa kwa sindano, kwa mwiba, kwa jua, kwa moto na kwa mashine hiyo. Mama aliposikia mionzi, alimwona dada yake. Ungekuwa wewe usingeogopa?

Yapo maneno ya kututosha. Kwa tiba ya mashine, mionzi ibaki, maana imeshazoeleka na kuing’oa ni kazi bure. Kwa jua, tuna miale. Tena tuna kitenzi kitamu cha Pwani, kubabua, kinachosema wazi kinachotokea jua likiikausha ngozi mpaka ikaambuka. Mtoto wangu hatachomwa na jua, atababuliwa.

Historia ya tiba hii nayo ina funzo la subira. Niels Finsen, mzaliwa wa visiwa vya Faroe, alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1903 kwa kutibu kifua kikuu cha ngozi kwa taa huko Copenhagen. Wakati huohuo mjini Munich, mwanafunzi Oscar Raab alikuwa akiwapima vijidudu ndani ya maji yenye rangi ya kemikali. Siku moja walikufa upesi, siku nyingine wakachelewa kufa, na dawa ni ileile. Inasimuliwa kwamba siku moja kati ya hizo palikuwa na mvua ya radi, mwanga wa maabara ukabadilika; ndipo akang’amua kwamba dawa peke yake haiui, mpaka ipate mwanga. Mwaka 1912 daktari Mjerumani, Friedrich Meyer-Betz, alijidunga mwenyewe pofirini kisha akatoka juani. Alivimba uso na mikono, na ngozi yake iliendelea kulichukia jua kwa wiki nyingi. Ilichukua mpaka 1990 ndipo James Kennedy na wenzake wa Kanada wakaonyesha kwamba krimu inayopakwa juu ya baka tu inaweza kufanya kazi hiyo, bila kuugeuza mwili mzima kuwa adui wa jua. Marekani iliidhinisha dawa ya aina hiyo kwa ajili ya mabaka haya mwishoni mwa 1999.

Je, inauma? Hili mwanafunzi wangu aliliuliza mara mbili, na jibu la mwenzangu daktari halikuwa na sukari: ndiyo, kwa wengi inauma. Magamba hukwanguliwa kwanza, krimu hupakwa na kufunikwa, mgonjwa hukaa karibu saa tatu, kisha taa huwashwa kwa dakika zinazoweza kuwa chini ya kumi au karibu ishirini kutegemea aina yake. Kiswahili kina bahati hapa, maana kitenzi kimoja kinatosha: taa ikiwashwa, ngozi inawasha. Wauguzi huweka feni au kunyunyiza maji baridi. Macho hufungiwa miwani maalumu. Baadaye uso huwa mwekundu, huvimba na kutoa magaga kwa siku kadhaa, na kwa siku mbili za kwanza mgonjwa hatakiwi kuutoa nje kwenye mwanga mkali.

Ipo njia nyingine isiyouma sana, ambapo taa ni mchana wenyewe. Mgonjwa hupakwa losheni ya kuzuia urujuanimno, kisha krimu, na ndani ya nusu saa hutoka nje kukaa saa mbili. Pofirini hutengenezwa kidogo kidogo na kutumiwa papo hapo, hivyo hairundikani na maumivu hupungua. Losheni hiyo lazima iwe ya aina inayozuia miale isiyoonekana na kuruhusu mwanga unaoonekana. Zile nyeupe zenye madini ya zinki au titani huzuia vyote, na tiba haitafanya kazi. Unaposoma hayo ukiwa Kenya, wazo la kwanza ni kwamba sisi jua tunalo la bure, tunangoja nini? Taratibu, jamani. Njia hiyo ilipimwa kwa watu wa nchi za baridi ambao, hata wawe weupe vipi, wana melanini kiasi. Kumwambia mtu mwenye ualbino, ambaye macho yake pia huumizwa na mwanga, akae nje saa mbili mchana wa Kwale ni jambo la kuamuliwa na daktari wa ngozi anayemjua mgonjwa, wala si la kujaribiwa nyumbani.

Sasa nifike kwenye mchango. Jamaa walikuwa tayari wameahidi pesa nyingi, baadhi yao wakizungumzia kuuza ng’ombe. Nilimsomea mwanafunzi wangu matokeo ya utafiti wa Uholanzi uliochapishwa mwaka 2019 katika jarida maarufu la tiba la New England. Wagonjwa 624 wenye mabaka kichwani na usoni waligawanywa katika makundi manne kwa kura. Waliopata mafanikio mwaka mmoja baada ya tiba, yaani mabaka yao kupungua kwa angalau robo tatu, walikuwa asilimia 74.7 miongoni mwa waliotumia krimu ya fluorourasili na asilimia 37.7 miongoni mwa waliotibiwa kwa krimu na taa. Dawa nyingine mbili za kupaka zilipata asilimia 53.9 na 28.9. Fluorourasili ni dawa ya tangu miaka ya 1950, tena si ghali kama safari ya ndege.

“Hebu nisomee jina la krimu uliyoandikiwa,” nilimwambia. Alikwenda kuichukua, akasoma silabi baada ya silabi. Ilikuwa ndiyo hiyohiyo fluorourasili.

Nilimtahadharisha kwamba wagonjwa wa Uholanzi hawakuwa watu wenye ualbino na matokeo yao hayahamishiki moja kwa moja. Tiba ya taa ina faida zake: huisha kwa siku moja au mbili, huacha ngozi ikiwa nzuri, na inamfaa asiyeweza kupaka dawa kila siku kwa wiki nne. Zaidi ya hayo, madaktari wetu wengi huyagandisha mabaka machache kwa naitrojeni ya kimiminika, na kazi hiyo huchukua dakika chache tu. Lakini hakuna haja ya kuuza ng’ombe ili kufuata taa ng’ambo ilhali dawa iliyoishinda taa hiyo katika utafiti imo mfukoni. Tena baka likiwa nene, likiota kama kinundu, likivuja damu au likawa kidonda kisichopona, si taa wala krimu ya nyumbani. Hapo ni kurudi kliniki upesi likatwe kipande na kupimwa.

Nilidhani kazi imekwisha. Kisha mama mwenyewe akaichukua simu. Nikamwamkia, akaitikia, na baada ya habari za watoto na mvua akanieleza lililokuwa likimkereketa. Mionzi alikuwa ameshaielewa kwa kuwa binti yake alimweleza. Lililobaki ni hilo neno lingine. “Mwalimu, mimi nilisikia tiba ya mwanga. Mwanangu ana ualbino. Unajua watu wa aina gani huwataka.”

Nilihisi aibu. Miaka yote hii nafundisha semantiki na halikunijia. Katika Kiswahili cha Pwani mwanga si nuru tu. Mwanga, wingi wake wanga, ni mtu anayewanga usiku, yaani mchawi. Kamusi huyaandika kama maneno mawili tofauti na mwalimu husema ni homonimu, mtihani ukaisha. Lakini katika kanda hii yetu watu wenye ualbino wamewahi kuwindwa na kukatwa viungo kwa sababu ya imani za kichawi. Mama wa mtoto kama huyo akiambiwa binti yake atasafirishwa mbali kwa “tiba ya mwanga”, kamusi haimsaidii kitu. Alisikia alichosikia.

Kwa hiyo nimebadilisha msimamo. Nilikuwa nikipendekeza tiba ya mwanga kwa sababu ya ufupi wake. Nuru ingefaa, ila ina uzito wa ibada, na mgonjwa asije akadhani ataombewa. Tangu siku hiyo nasema tiba ya dawa na mwangaza. Ni jina refu, lakini linataja vitu viwili kati ya vitatu, halimtaji mchawi, na halichomi mtu. Mwenzangu wa kitivo cha tiba amelichukua, ingawa analalamika kwamba halienei kwenye fomu.

Mwanafunzi wangu alianza kupaka krimu yake. Wiki ya pili alinitumia picha akiwa mwekundu kama nyanya iliyoparwa, na daktari wake alikuwa amemwonya kwamba ndivyo itakavyokuwa kabla ya kupona. Sehemu ya mchango imenunua kofia mbili za ukingo mpana. Losheni anaendelea kuipata bure kupitia mpango wa Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu. Mama yake hakuyachukua mabaka tangulizi yangu wala hiyo tiba ya dawa na mwangaza. Yeye huiita krimu ile dawa ya msasa, na kila Ijumaa jioni humketisha bintiye barazani, akampapasa paji la uso, pua na masikio kwa ncha za vidole, taratibu, akisikiliza kwa mkono.